Risasi Ipi Imfae Kulungu?

Novemba ikikaribia, maduka ya silaha katika miji midogo ya Marekani hujaa watu wanaobishana. Msimu wa kuwinda kulungu wa mkia mweupe kwa raifo unakaribia kufunguliwa, na ubishi ni ule ule wa baba na babu zao: risasi ipi inamfaa mnyama huyu? Mmoja anataka ndogo na laini, mwingine anataka kubwa yenye kishindo, wa tatu anaapa kwa ile aliyorithi.

Si ubishi wa mchezo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulungu hao walikuwa karibu kutoweka, wamemalizwa na wawindaji waliouza nyama na ngozi sokoni. Leo wanakadiriwa kufikia milioni 30. Sehemu kubwa ya fedha zilizowarudisha ilitoka kwenye risasi zenyewe, kwani sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilitenga kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11, na makusanyo hurudishwa majimboni kutunza wanyamapori. Anayenunua boksi la risasi 20 anamlipia kulungu atakayezaliwa mwakani. Swali linalobaki ni jinsi atakavyomuua yule wa mwaka huu, haraka au kwa mateso.

Afrika Mashariki haina kulungu wa jamii hii, wale wanaoangusha pembe zao kila mwaka na kuota mpya. Barani Afrika, wa asili wako kaskazini tu, kwenye misitu ya Algeria na Tunisia. Lakini wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Kentucky, Iowa au Ohio, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo, wanaishi jirani na wanyama hao na wanaona wenzao kazini wakijaza friji nyama ya msimu mzima kwa gharama ya leseni na risasi chache. Baadhi wangependa nao kujifunza. Kwa ajili yao, tuwaketishe watu kadhaa ndani ya bucha moja ya Kentucky. Watu hawa ni wa kutungwa na hawana majina. Hoja wanazobeba ndizo zinazosikika kila msimu, na takwimu wanazozitaja ni za kweli.

Mgeni, mwenyeji wa Bukavu anayeishi Louisville, ndiye aliyeanzisha. Amemaliza kozi ya usalama wa uwindaji, hana bunduki bado. "Mzee," alimwambia mtu mwenye mvi aliyekuwa karibu na kaunta, "dukani wamenionyesha risasi zaidi ya 20 tofauti. Namba zao sizielewi. Nianzie wapi?"

"Anza kwa kuzidharau namba, mwanangu," Mzee akajibu. ".30-30, .308, .30-06 na .300 Winchester Magnum zinasikika kama ukoo wa watu wasiojuana. Zote nne zinarusha kichwa chenye kipenyo kile kile, milimita 7.8. Kinachotofautiana ni ukubwa wa ganda na baruti iliyo ndani. Hiyo 06 ni mwaka tu, 1906, jeshi letu lilipoikubali risasi hiyo. Na .270 ukiipima, kichwa chake ni 0.277 ya inchi. Majina ni ya kuuzia."

Kisha akaitetea yake. Winchester ilitoa bunduki ya Model 94 mwaka 1894, na risasi ya .30-30 ikafuata mwaka mmoja baadaye. Zaidi ya milioni 7 za bunduki hizo zimetengenezwa. Kichwa cha gramu 9.7 hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kasi ya mita 728 kwa sekunde. Kwa viwango vya leo hiyo ni kasi ya kawaida sana, lakini misitu ya mashariki mwa Marekani ni minene, na kulungu wengi huonekana wakiwa ndani ya mita 100. "Babu yangu alilisha watoto saba kwa hiyo," alisema Mzee. "Nilipotaka kwenda mbali zaidi nilinunua .30-06. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, alikuwa na Springfield ya .30-06 mzigoni, risasi ikiwa na umri wa miaka mitatu tu. Ilimfaa huko kwenu, itanifaa mimi hapa."

Kijana aliyekuwa akimsikiliza akatikisa kichwa. Yeye anawinda kwa 6.5 Creedmoor, risasi iliyozaliwa mwaka 2007 kwa ajili ya mashindano ya shabaha kabla ya wawindaji kuichukua.

"Mzee wangu, sikudharau. Lakini tazama umbo. Kichwa changu ni chembamba na kirefu, gramu 9.3 ndani ya milimita 6.7. Kinapasua hewa vizuri, hakisukumwi sana na upepo, na kinafika mbali kikiwa bado na kasi. Cha .30-30 ni butu. Lazima kiwe butu, kwa sababu risasi hupangwa mstari mmoja ndani ya bomba chini ya mtutu, na ncha kali ingegusa fataki ya risasi iliyo mbele yake. Ubutu huo unaulipia kwa hewa. Kikifika mita 180 hivi kimepoteza zaidi ya nusu ya nishati yake. Na teke? Bunduki yangu hainipigi bega. Napiga risasi 40 uwanjani na kesho yake nakwenda kazini bila maumivu."

"Na huo wembamba unaua?"

"Waulize watu wa Uswidi na Norway. Risasi yao ya 6.5x55 ni ya mwaka 1894, kichwa kina kipenyo hicho hicho cha kwangu, na kwa zaidi ya karne wameangusha nayo musi, mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Musi dume anapita kilo 400. Huyu wa kwetu dume mzima ni kilo 70, 100, mara chache zaidi."

Hapo Mzee hakuwa na jibu, na kwa kweli jibu halipo. Hoja ya Kijana kuhusu umbo na kipenyo inasimama. Ilipoanza kuyumba ni pale aliposema kwamba kwa risasi hiyo anaweza kumpiga kulungu kwa mita 500.

Mwalimu wa kozi ya uwindaji, aliyekuwa kimya hadi hapo, akaingilia. "Kijana, kwa mita 400 risasi yako inachukua takriban nusu sekunde kufika. Kulungu akiinua mguu wakati unafyatua, risasi iliyolengwa mapafuni inatua tumboni. Bati la shabaha halitembei, kulungu anatembea. Tena kuna kasi. Vichwa vingi vya kuwindia vimetengenezwa vichanuke vikimgonga mnyama vikiwa bado na kasi ya mita 550 kwa sekunde au zaidi. Chini ya hapo vinaweza kupita vikiacha tundu jembamba, na mnyama anakwenda kufa mbali na macho yako. Umbali wako hauwekwi na darubini uliyonunua."

Kijana alikubali nusu nusu. Wengi wa kizazi chake hawakubali hata nusu, na hilo ni tatizo la kweli, maana matangazo ya silaha yamewazoesha kuona umbali kuwa ndiyo sifa ya mwindaji.

Kabla mazungumzo hayajapoa, jirani mmoja mwenye mabega mapana akaweka boksi lake mezani: .300 Winchester Magnum, risasi ya mwaka 1963. Kichwa cha gramu 11.7, mita 900 kwa sekunde, karibu jouli 4,750 mdomoni mwa mtutu. Ile .30-30 ya Mzee ina jouli 2,580 hivi.

"Mimi nataka aanguke pale pale," alisema. "Nikikosea kidogo, nguvu itanisaidia."

Ubishi huu una historia yake. Katikati ya karne ya 20 magazeti ya uwindaji ya Marekani yalikuwa na mabingwa wawili waliopingana kwa miongo. Jack O'Connor, aliyewahi kufundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Arizona kabla ya kuandikia Outdoor Life, aliipigania .270 Winchester ya mwaka 1925: kichwa chepesi, kasi kubwa, teke linalovumilika. Elmer Keith wa Idaho hakutaka kusikia vichwa vyepesi. Alidai kichwa kizito chenye kipenyo kikubwa, kinachovunja mfupa na kutokea upande wa pili. Wasomaji waligawanyika, na wajukuu wao bado wamegawanyika. Keith aliwinda sana wanyama wakubwa wa milimani, na kwa wanyama hao hoja yake ilikuwa na uzito. Kwa kulungu wa mkia mweupe ilikuwa imevuka mahitaji.

"Nguvu haikusaidii ukikosea," Mwalimu alimwambia yule jirani. "Kulungu hasukumwi na risasi akaanguka. Anakufa damu ikimtoka na ubongo ukikosa oksijeni, au uti wa mgongo ukikatika. Ukimpiga utumboni kwa magnum, umempiga utumboni. Ninachokiona uwanjani ni kitu kingine. Mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho na kukaza bega kabla ya kufyatua, na mtutu unashuka. Hajui kwamba anafanya hivyo. Mimi humwekea risasi tupu katikati ya zile nzima bila kumwambia, na wote wanaona mtutu ukiruka bila mlio."

Teke linapimika. Kwa bunduki zenye uzito sawa, .243 Winchester hutoa karibu nusu ya teke la .30-06, na .300 Magnum huizidi .30-06 kwa kiasi ambacho bega huhisi mara moja. Mtu mwenye mwili mdogo, au anayejifunza akiwa na miaka 40 bila kuzoea mlio wa bunduki tangu utoto, atalipa tofauti hiyo kwa shabaha.

Swali la nani yuko sahihi kati ya wakubwa na wadogo limewahi kupelekwa porini na kupimwa. Charles Ruth, mtaalamu wa kulungu wa idara ya maliasili ya jimbo la South Carolina, alikusanya kumbukumbu za kulungu 493 waliouawa katika eneo moja la uwindaji. Kila mlio uliandikwa: umbali, aina ya risasi, mahali ilipompata mnyama, na mita alizokimbia kabla ya kuanguka. Wastani wa umbali wa kupiga ulikuwa yadi 132, yaani mita 120 hivi. Karibu nusu ya wanyama walianguka pale pale. Waliokimbia, wengi hawakufika mbali.

Risasi ziligawanywa kwa makundi ya vipenyo, kuanzia ile ya .243 hadi zile za .30. Tofauti ya maana kati ya makundi hayo haikuonekana. Kilichotofautiana ni mahali. Waliopigwa begani walianguka karibu na walipokuwa wamesimama. Waliopigwa moyoni au mapafuni walikimbia makumi ya yadi. Waliopigwa tumboni walikwenda mbali zaidi. Na kitu kingine kilijitokeza, ambacho wauzaji hawakipigii kelele: vichwa laini vinavyochanuka haraka viliwaangusha kulungu vizuri kuliko vichwa vigumu vilivyotengenezwa kwa wanyama wakubwa zaidi.

Hapo ndipo kiini cha mjadala kilipo, na inasikitisha kwamba watu wengi wanakipita. Wanabishana juu ya ganda, ilhali kinachomfikia mnyama ni kichwa. Kichwa cha kawaida ni ala ya shaba yenye madini ya risasi ndani na ncha iliyo wazi. Kikigonga kinafunguka kama uyoga, kipenyo kinakaribia mara mbili, na njia inayochimbwa mwilini inakuwa pana. Kikiwa laini mno kwa kasi kubwa mno, kinapasukia juu juu. Mwaka 1946 mwindaji John Nosler alikumbana na hali hiyo huko British Columbia, Kanada, alipompiga musi na vichwa vyake vikashindwa kupenya. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inachanuka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Alikiingiza sokoni mwaka 1948 kwa jina la Partition, na bado kinauzwa.

Kwa hiyo risasi moja ya .308 ikiwa na kichwa laini ni ya kulungu, ikiwa na kichwa kigumu ni ya mnyama mkubwa zaidi, na ikiwa na kichwa cha kijeshi kilichofunikwa chote shaba haifai kuwindia. Kichwa hicho cha kijeshi hakichanuki. Kentucky inakikataza kwa kulungu, na majimbo mengine mengi pia. Nchini Uingereza sheria inataka waziwazi kichwa chenye ncha laini au yenye tundu. Mgeni dukani asidanganywe na bei nafuu ya boksi la mazoezi.

Mgeni mwenyewe alikuwa na la kusema. "Huko kwetu wazee husimulia habari za Mzungu aliyeua ndovu Karamoja kwa bunduki ndogo. Ni kweli?"

Ni kweli. Walter Bell, Mskoti, alianza kuwinda Karamoja, Uganda, mwaka 1902, na katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa 7x57, risasi ya kijeshi ya Kijerumani ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Alipasua mafuvu ya ndovu kujifunza ubongo ulipolala kwa kila pembe anayoweza kusimama nayo, kisha akatuma kichwa kigumu hapo hapo. Idadi hiyo ya ndovu inatia uchungu leo, na mtu anayejali wanyamapori hawezi kuitaja kwa fahari.

"Basi!" Kijana akashika hoja. "Ndogo inatosha."

"Ilimtosha Bell," alisema Mzee. "Wewe umepasua mafuvu mangapi?"

Serikali nazo zilitoa jibu kama la Mzee. Tanzania inataka kipimo kisichopungua .375 kwa wanyama hatari kama ndovu na nyati, kwa sababu sheria hutungwa kwa ajili ya mwindaji wa kawaida siku yake mbaya. Risasi ile ile ya Bell, hata hivyo, ni miongoni mwa zinazomfaa kulungu zaidi kuliko nyingi. Mwaka 1980 Remington ilitoa ndugu yake mfupi, 7mm-08, kwa kubana shingo ya ganda la .308 hadi milimita 7. Gramu 9.1, mita 870 kwa sekunde, teke la wastani. Ni risasi isiyo na sifa mitaani, na ingestahili kuwa nazo.

Mama mwenye bucha, aliyekuwa akinoa kisu muda wote huo, alikuwa na malalamiko ya aina nyingine. Hauzi nyama ya kulungu, kwa kuwa sheria za Marekani haziruhusu nyama ya mnyama wa porini aliyewindwa kuuzwa. Wawindaji humletea mizoga, yeye huchuna, hukata na kufunga kwa ujira.

"Ninyi mnahesabu jouli, mimi nahesabu kilo ninazotupa," aliwaambia. "Huyu wa magnum aliniletea dume aliyepigwa kwa mita 50. Bega lote lilikuwa damu iliyoganda na vipande vya mfupa. Nusu ya robo ya mbele ilikwenda kwa mbwa. Wa Mzee nikiwapokea, natupa nyama ya kujaza kiganja."

"Mama, si uliambiwa nilitaka aanguke pale pale?"

"Alianguka. Na nyama ikaanguka naye."

Kisha alileta jambo zito zaidi. Mwaka 2008 daktari mmoja wa North Dakota alipiga picha za eksirei pakiti za nyama ya kulungu iliyosagwa, ambayo wawindaji walikuwa wameitoa sadaka kwa familia zenye shida. Nyingi zilikuwa na chembe za chuma, vipande vya madini ya risasi vidogo kiasi kwamba jino halivihisi. Idara ya afya ya jimbo ilivishauri vituo vya chakula viiondoe nyama hiyo. Madini ya risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto hata yakiwa kidogo, na chembe husambaa mbali na tundu linaloonekana kwa macho, hasa kichwa laini kinapogonga kikiwa na kasi kubwa. Ndege wala mizoga nao hula matumbo yaliyoachwa porini. Kwa ajili ya tai wakubwa waitwao kondori, California ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuondoa risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote, na ikaanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2019. Denmark ilipiga marufuku risasi za raifo za kuwindia zenye madini hayo Aprili 2024.

Vichwa vya shaba tupu vipo. Vinachanuka, havimeguki ovyo, na vinapenya sana. Ni vyepesi kuliko vya zamani vya urefu huo huo, na vinahitaji kasi ili vifunguke, hivyo havimpendelei anayepiga mbali kwa ganda dogo. Scotland ililiona hilo, na mwaka 2023 ikapunguza uzito wa chini wa kichwa cha kuwindia kulungu wakubwa kutoka greni 100 hadi 80, yaani kutoka gramu 6.5 hadi 5.2, ili wawindaji waweze kuhamia shaba bila kununua bunduki mpya. Kwa nyumba yenye watoto au mama mjamzito, shaba ndiyo chaguo la busara, na tofauti ya bei kwenye boksi moja ni ndogo ukilinganisha na kilo 25 za nyama.

"Lakini sheria yenyewe inasemaje?" Mgeni aliuliza. "Hapa Kentucky naona kama wameacha wazi."

Mwalimu alicheka kidogo kwa kukubali, kisha akaeleza kwa nini mtu asibebe kanuni za jimbo moja kwenda jimbo jingine. Texas inaruhusu risasi yoyote ya raifo yenye fataki katikati ya kitako, hata .223 ndogo. Colorado inataka angalau .24 ya inchi. Ng'ambo ya Mto Ohio, ukitoka Louisville na kupanda kaskazini mashariki, jimbo la Ohio kwa miaka mingi liliruhusu hasa shotigani, na tangu 2014 linakubali raifo zenye ganda lililonyooka lisilobanwa shingoni, kama .45-70 ya mwaka 1873. Winchester ilitengeneza .350 Legend mwaka 2019 ikilenga majimbo ya namna hiyo. Sababu inayotolewa ni kwamba nchi ni tambarare na ina watu wengi, na risasi ya kasi husafiri mbali. Sababu hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa: utafiti ulioagizwa na bunge la Pennsylvania na kutolewa mwaka 2007 uligundua kwamba mtu akipiga bila kuinua mtutu, risasi nzito ya shotigani hudunda ardhini na inaweza kusafiri hadi mbali kuliko ya raifo. Usalama unaletwa zaidi na kupiga kutoka kwenye ulingo juu ya mti, ukielekea chini, ukiwa na udongo nyuma ya mnyama.

Ulaya hupima kwa namba. Uingereza na Wales wanataka kipenyo cha .240 na nishati ya futi-pauni 1,700, karibu jouli 2,300, ikipimwa mdomoni mwa mtutu. Ujerumani inataka milimita 6.5 na jouli 2,000, ikipimwa mita 100 mbele, kwa kulungu wote isipokuwa yule mdogo wa msituni anayeruhusiwa kwa jouli 1,000. Matokeo yake ni ya ajabu. Ile .243 inayoua kulungu dume halali Uingereza ni haramu kwa mnyama yule yule Ujerumani, kwa upungufu wa theluthi ya milimita hivi. Nayo .30-30 ya Mzee, iliyolisha vizazi, haifikii kiwango cha Ujerumani ikiwa na kichwa chake cha kawaida. Namba hizi zinazuia upuuzi wa kutumia kitu kidogo mno, na kwa hilo zinafaa. Haziwezi kupima kichwa kilivyotengenezwa wala mkono unaoshika bunduki.

Mzee aliposikia kwamba bunduki yake ni haramu Ujerumani alinyamaza muda mrefu. Kijana, kwa adabu, hakusema kitu.

Iko hoja moja zaidi ambayo mabingwa wa magazeti huikwepa kwa sababu haina mvuto, nayo ni upatikanaji. Mwaka 2020 na 2021 risasi ziliadimika Marekani nzima, rafu zikabaki tupu, na wenye bunduki za risasi za mtindo wa karibuni walihangaika kuliko wengine. Dukani mwa kijiji, .308, .30-06, .270 na .243 ndizo zinazotangulia kurudi. Mgeni mwenye mshahara wa kiwandani hana sababu ya kununua bunduki ambayo risasi yake inaagizwa kwa posta.

Sasa hukumu. Kwa kulungu wa mkia mweupe ndani ya mita 200, anayeanza anunue bunduki ya .308, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor, achague kwa kuangalia ipi inapatikana karibu na anapoishi na ipi bega lake linaivumilia. Mwenye .270 au .30-06 ya kurithi asiiuze. Ile .243 ni nzuri mikononi mwa mtulivu anayesubiri mnyama ageuke ubavu. Kumpa mtoto kwa sababu tu haipigi teke, bila kumfundisha kusubiri, ni kumwonea mtoto na mnyama. Magnum ibaki kwa wanyama wa milimani. Anayewinda kwa .30-30 aendelee, akijua mwisho wake ni mita 150.

Kisha anunue maboksi matatu ya risasi aliyoichagua, yenye kichwa kile kile atakachowindia, na ayamalize uwanjani kabla ya msimu: ameketi, amepiga goti, ameegemea mti, wala si kwenye benchi pekee. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hivi. Umbali ambao hawezi kuweka risasi zote ndani ya sahani ya upana huo ndio umbali ambao hapaswi kufyatua, hata kama dume mwenye pembe za ncha kumi amesimama mbele yake.

Kwa kawaida Kentucky inamtaka mwindaji aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye awe na kadi ya mafunzo, na wote wavae rangi ya chungwa wakati wa msimu wa bunduki. Kitabu cha kanuni hutolewa bure kila mwaka. Wewe unayekusudia kuanza Novemba hii, kipate na ukisome kabla ya kuingia duka la silaha.